Mtaji wa watu: mwongozo kamili kwa anayeanza maisha Dodoma

Mwaka 2018 nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho. Nilikuwa nimeishi kwenye mtaa ule, huku Nkuhungu, kwa miezi minane. Nilibeba kitambulisho cha kazi, mkataba wa pango na picha mbili ndogo. Mtendaji alivipanga mezani, akanitazama, akaniuliza kwa upole: "Mama, mjumbe wako ni nani?" Sikumjua. "Basi nitajie jirani mmoja anayekufahamu, tumpigie simu." Nikaliwaza geti la kushoto, geti la kulia, na nyumba ya mbele yenye mwarobaini. Rangi za magari yao nilizijua. Jina hata moja sikuwa nalo.

Ofisi ile haikunikosea kitu. Ilitaka mtu mmoja wa kusema "huyu ni wetu", na mtu huyo sikuwa naye. Mambo ninayoyaeleza hapa nimejifunza tangu siku hiyo, kwa kukosea na kurudia. Nayaandika kwa ajili ya Dodoma kwa sababu mji huu umejaa watu walioletwa na kazi, masomo au biashara. Ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la wahamiaji lilikuja baada ya 2016, serikali ilipoamua kuhamia kweli, na Aprili 2018 ukawa jiji. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kilikuwa kimeshaleta maelfu ya vijana. Leo kuna mitaa mizima ambako hakuna anayemjua babu wa jirani yake. Kwetu tulikozaliwa watu tuliwakuta tayari. Hapa inabidi tuwatafute.

Tunazungumzia nini hasa

Wataalamu wanauita mtaji wa kijamii. Mimi nauita mtaji wa watu, maana ndivyo mama yangu angeuita. Ni faida inayotokana na kufahamiana, kuaminiana na kuwa na desturi ya kusaidiana. Pesa iko mfukoni mwako na elimu iko kichwani mwako, lakini mtaji huu uko katikati, kati yako na mwenzako. Ndiyo maana huwezi kuhama nao kwenye begi.

Jina lenyewe lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1916 msimamizi wa shule za vijijini wa Marekani, L. J. Hanifan, aliandika kuhusu nia njema, urafiki na kuhurumiana kati ya familia zinazoishi pamoja, akaviita mtaji. Baadaye Mfaransa Pierre Bourdieu na Wamarekani James Coleman na Robert Putnam walilipanua wazo hilo. Putnam alichunguza serikali za mikoa za Italia zilizoanzishwa 1970. Zilifanana kwa muundo, lakini zilizofanya kazi vizuri zilikuwa mahali ambako watu walizoea kukusanyika kwenye vyama vyao, zikiwemo kwaya na klabu za mpira. Dodoma yenye kwaya kila kona inaweza kuelewa jambo hilo haraka.

Utafiti wa hapa kwetu pia upo. Mwaka 1995 kaya za vijijini Tanzania ziliulizwa kuhusu vikundi wanavyoshiriki: vya dini, vya kuzikana, vya akina mama. Deepa Narayan na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia walipochambua majibu waliona kwamba kaya za vijiji vyenye vikundi hai zilikuwa na kipato kikubwa zaidi. Kilichonigusa mimi ni kwamba haikuwa tu suala la wewe mwenyewe kuwa mwanakikundi. Hata kuishi kwenye kijiji ambacho majirani wameshikamana kulikwenda sambamba na hali bora ya kaya.

Wagogo, wenyeji wa ardhi hii, walilijua jambo hili bila kuandikiwa. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mwingine haitoshi hata kwa uwele. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa rafiki au shemeji wa mbali awatunze, na mtunzaji akanywa maziwa. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au malisho yakikauka upande mmoja, bado alikuwa na mifugo mahali pengine, na pamoja nayo alikuwa na mtu. Njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi yalipokuwa yamekwisha kuchukua mifugo, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, ilikuja na ukame, na watu wengi walikufa. Simulizi za njaa zinaonyesha kwa nini mtu alihangaika kupanda urafiki kwenye miaka ya neema. Ng'ombe hupelekwa kwa rafiki kabla ya ukame.

Tofautisha pia mtaji huu na kile vijana wanachokiita koneksheni. Koneksheni ni kumtafuta mtu siku ile unapomhitaji. Mtaji wa watu ni mtu kukuona mara arobaini kwenye mambo madogo kabla hujamwomba lolote.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya watu wako

Chukua daftari, tenga nusu saa, ujibu maswali haya kwa majina kamili. Jibu "marafiki" halihesabiki.

Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, unamgongea nani ambaye anafika kwa miguu ndani ya dakika tano? Nani anaweza kukukopesha shilingi elfu hamsini leo bila kuuliza za nini? Nani hukuletea habari za kazi, viwanja au masoko ambazo ofisini kwako hazijafika? Nani anaweza kukutambulisha kwa ofisa wa halmashauri, daktari, au mwalimu mkuu? Nani hukuambia ukweli unapokosea? Halafu geuza: ni nani wangeandika jina lako kwenye daftari zao?

Mbele ya kila jina weka alama inayoonyesha mmejuania wapi. Hapo ndipo ugonjwa unapoonekana. Ramani yangu ya kwanza ilikuwa na majina tisa. Saba yalikuwa ya ofisini, mawili ya ndugu walioko Mbeya. Swali la saa nane usiku lilibaki wazi kabisa, nami nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu.

Ramani nzuri ina watu wa aina tatu. Kwanza wale wa ndani, yaani ndugu, watu wa imani yako na marafiki wa damu, ambao wanakubeba ukianguka. Pili watu wa daraja, wasiofanana nawe kwa kazi, kabila, dini au umri, ambao wanakufungulia dunia usiyoijua. Tatu watu wa ngazi, wenye mamlaka au ujuzi ulio juu ya wako. Wageni wengi wa Dodoma tuna wa ndani wengi walioko mbali, wa daraja wachache, na wa ngazi tunaowaogopa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo anza na mtaa.

Hatua ya pili: jitambulishe mtaani

Fanya hivi ndani ya mwezi wa kwanza. Kama umeshachelewa, fanya wiki hii, watu wa hapa ni wapole kwa anayekuja mwenyewe.

Muulize mwenye duka la jirani mjumbe anaishi wapi, nenda jioni, piga hodi. Huhitaji kubeba kitu. Sema jina lako, nyumba unayoishi, unaishi na nani, namba yako ya simu, na umalize kwa maneno haya: "Kukiwa na jambo la mtaa, mnijulishe." Kisha nenda nyumba tatu: kushoto, kulia na mbele. Mwenye umri wa wazazi wako mpe shikamoo hata kama ni mlinzi wa geti. Kwa mzee wa Kigogo jaribu "Mbukwenyi". Salamu hiyo moja imenifungulia mazungumzo mengi kuliko cheo changu cha kazi.

Baada ya hapo, nunua mtaani. Mboga za jioni, mkaa, vocha, chukua kwa watu wale wale, hata kama supamaketi iko njiani. Mama wa genge anajua nani anaumwa, nyumba gani inapangishwa na fundi gani si mwaminifu. Nenda kwenye mikutano ya mtaa, kaa hadi mwisho, na likitajwa jambo dogo la kujitolea, kama kufuatilia taa ya barabarani au kuandika majina ya waliochangia, nyoosha mkono.

Sasa kuna treni ya mwendokasi tangu 2024, na wengi wetu Ijumaa jioni tunapanda kwenda Dar es Salaam na kurudi Jumapili usiku. Siwalaumu, familia ni familia. Lakini misiba, harusi, vikao na usafi wa mtaa hufanyika Jumamosi na Jumapili. Asiyekuwepo siku hizo hajulikani, hata akikaa miaka kumi. Jaribu kubaki wikendi moja au mbili kwa mwezi.

Hatua ya tatu: jifunze kwenda msibani

Kama ungeniambia nichague hatua moja tu, ningechagua hii, na nitakaa nayo kidogo.

Mgeni mwenye aibu husubiri aalikwe. Msiba hauna kadi. Ukisikia kilio au ukiona turubai, nenda siku hiyo hiyo, hata kama marehemu humjui. Unakwenda kwa ajili ya waliobaki. Kutuma pesa kwa simu bila kufika ni msaada, ila wafiwa hawakumbuki ujumbe wa simu kama wanavyokumbuka nani alikuwa jikoni.

Mwanamke afike na kanga au kitenge, awape pole wafiwa pale walipokaa mkekani, akae nao kidogo, kisha aende nyuma kwenye masufuria. Usiulize "nisaidie nini?" Shika kisu umenye vitunguu, au chota maji, au osha sahani. Mwanaume aulize waliko wanaume wenzake: wanafunga turubai, wanatafuta viti, wanapanga usafiri wa kwenda makaburini, wanakesha usiku. Ukiwa na gari, litoe kabla hujaombwa. Rambirambi peleka kwa mwenye daftari, taja jina lako na nyumba yako. Kiasi kisikutishe. Elfu mbili au tano inayotolewa kila msiba inajenga kuliko laki moja ya mara moja.

Kwenye misiba ya wenyeji unaweza kukuta mtu anatania kwa sauti, analala mahali pa marehemu, au anadai apewe kitu ndipo mambo yaendelee. Huyo ni mtani. Wagogo wana watani wao, wakiwemo Wahehe na Wanyamwezi, na utani huo una kazi: unapunguza makali ya uchungu. Kama wewe ni mtani wao, utakaribishwa. Kama si mtani, cheka na wenzako, usijaribu kuiga.

Jambo lenye uzito kuliko yote huja wiki mbili baadaye. Mikeka imekunjwa, ndugu wamerudi mikoani, na nyumba imekuwa kimya. Nenda siku hiyo na kilo ya sukari. Kaa nusu saa.

Mama wa nyumba yenye mwarobaini alifiwa na kaka yake Mei 2018. Nilikwenda nikiwa sijui hata nianzie wapi, nikakaa jikoni kukuna nazi pamoja na wanawake ambao sikuwajua. Ilipofika saa kumi mmoja akanipa kanga yake nijifunike, upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza. Julai mtoto wangu alishikwa na degedege usiku. Nilimgongea mama yule. Mumewe alitoka na ufunguo wa gari mkononi kabla sijamaliza sentensi, na yeye akabaki kwangu na mlango wazi hadi tuliporudi asubuhi.

Hatua ya nne: ingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa

Vicoba, upatu, mchezo, kikundi cha kufa na kuzikana: majina ni mengi na taratibu zinatofautiana. Upatu ni kuchanga na kupokea kwa zamu. Vicoba unanunua hisa, mnakopeshana, na mwisho wa mzunguko mnagawana pamoja na faida. Mtindo huu wa kuweka na kukopa unafanana na ule ulioanzia vijijini Niger mwaka 1991 kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika.

Nikueleze kikao chetu kilivyo. Tuko wanawake 25, tunakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu ambao si viongozi na hawaishi nyumba moja. Mwenyekiti akisema "fungueni", kila mmoja anasimama na ufunguo wake. Kabla pesa haijaguswa, katibu anauliza: "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Wote tunajibu kwa sauti, kwa kichwa, na ndipo noti zinahesabiwa mbele yetu. Kisha tunaitwa kwa namba. "Namba saba!" Namba saba anakwenda, anaweka hisa zake, wahesabuji wawili wanahesabu, anagongewa muhuri kwenye kitabu chake. Hisa moja kwetu ni shilingi 2,000, na huruhusiwi kuzidi tano kwa wiki, ili mwenye nacho asimeze kikundi. Juu ya hisa kila mtu anaweka 1,000 ya mfuko wa jamii.

Mwaka juzi mwenzetu anayeuza mboga soko la Majengo aliuguliwa na mume. Mfuko wa jamii ulimpa shilingi 150,000. Lakini kilichomwokoa ni kwamba wanne wetu tulishika meza yake kwa zamu wiki tatu. Wateja wake hawakuhama. Benki isingeweza kumfanyia hivyo.

Kabla hujajiunga, hudhuria kikao kimoja kama mgeni na uangalie haya. Je, kuna katiba iliyoandikwa, na wanachama wanaijua au iko kwa katibu tu? Pesa inahesabiwa mbele ya wote? Viongozi wanabadilika? Mikopo ya viongozi inarejeshwa kwa wakati kama ya wengine? Mzunguko una tarehe ya mwisho? Ukikuta pesa yote inatumwa kwenye simu ya mtu mmoja, au unaahidiwa faida kubwa kwa kuleta watu wapya, ondoka siku hiyo hiyo. Wengi wamelia kwa kumwamini kijumbe, yule anayekusanya pesa za upatu, aliyetoweka na zamu za watu.

Uliza pia kama kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya aina hii, na usajili wake hufanyika kupitia halmashauri. Kuna faida nyingine ya kuwa kikundi rasmi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumwona. Vikundi vinavyoundwa wiki moja kabla ya kuomba mkopo huo kwa kawaida husambaratika mapema, kwa sababu watu wake hawakuwahi kukopeshana hata elfu kumi.

Hatua ya tano: vuka upande wa pili

Watu wako wa karibu wanajua unachokijua. Ndivyo ilivyo, mnakula meza moja na kusikia habari zile zile. Mwaka 1973 Mmarekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwauliza wanaume wa Newton, karibu na Boston, walivyopata kazi zao. Kati ya waliopata kupitia mtu, zaidi ya wanne kwa kila watano walisema mtu huyo hawakuwa wakionana naye mara kwa mara. Mtu wa salamu ndiye aliyebeba habari mpya.

Nimeliona kwa macho yangu. Kijana wa jirani alimaliza chuo, akakaa nyumbani miaka miwili. Wajomba zake wote walikuwa wakimtumia matangazo yale yale. Siku moja fundi aliyekuja kutengeneza pampu ya maji kwao alimwona akimfundisha mdogo wake kutumia majedwali kwenye kompyuta. Fundi huyo alikuwa akifunga mabomba kwenye mashamba ya zabibu Mpunguzi. Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka na ikishaiva haingoji mtu. Wakulima walihitaji wa kupima mizani na kuandika hesabu za kila mmoja bila kumpunja. Kijana alikwenda kwa msimu mmoja. Hadi leo anawatunzia hesabu wakulima wale.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu: kila mwezi mfahamu mtu mmoja asiyefanana nawe. Jua jina la dereva wa bodaboda anayekupeleka Mtumba, kwenye mji wa serikali, na muulize kwao wapi. Jiunge na kwaya, kikundi cha mazoezi au timu ya veterani yenye watu wa kazi mchanganyiko. Ukienda Kibaigwa kununua mahindi au Hombolo kununua zabibu, chukua namba ya muuzaji na umpigie hata msimu usio wa kununua. Mkaribishe kwako mtu wa dini nyingine siku ya sikukuu yako, na ukikaribishwa Idi au Krismasi, nenda.

Hatua ya sita: panda ngazi bila kuchafuka

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Dodoma ni mji wa ofisi kuu, na ni rahisi kudhani kwamba kumjua mkubwa ni njia ya mkato. Kumwomba mtu akutambulishe, akueleze utaratibu, akusomee barua yako ya maombi au akufanyie mazoezi ya usaili, hayo ni matumizi halali ya mtaji wa watu. Kumwomba akupitishe mbele ya wenzako ni upendeleo, na ukiongeza bahasha umeingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kwa mtu mwenye nafasi, ombi la namna hiyo ni mzigo. Atakukwepa mwaka mzima.

Ziko njia nzuri za kujenga uhusiano wa ngazi. Vijana kutoka mikoa yote huja Dodoma kwenye usaili wa ajira za serikali, wengi hawana pa kulala. Ukimpa mmoja godoro na chai ya asubuhi umemfanyia jambo ambalo hatalisahau, na kesho yeye ndiye mwalimu, nesi au mhasibu mahali fulani. Mtu wa ngazi ya chini leo ndiye wa ngazi ya juu baadaye. Msaidie bila kumwandikia deni.

Hatua ya saba: omba vizuri, rudisha vizuri

Kuna watu wema wasioweza kuomba. Wanatoa, wanatoa, na wakipata shida wanajifungia ndani. Hilo nalo linavunja uhusiano, kwa sababu unamnyima mwenzako nafasi ya kukufaa.

Ukiomba, sema jambo moja, kwa kiasi na tarehe, na umwachie mlango wa kukataa. Ujumbe wangu huwa hivi: "Dada, habari za nyumbani? Nina pungufu ya 60,000 ya ada, mwisho Ijumaa. Ukiwa nayo nikopeshe, nitarudisha tarehe 28. Kama haipo usijali kabisa, nimekuuliza kama mwenzangu." Usianze na hadithi ya dakika kumi, na usiwatumie watu ishirini ujumbe ule ule.

Rudisha siku moja kabla. Ukiona hutaweza, piga simu kabla ya tarehe, usingoje akutafute. Na ukisaidiwa kwa habari au utambulisho, rudi useme kilichotokea, hata kama umekosa. "Nilikwenda, wakasema nafasi zimejaa, lakini nashukuru sana." Watu wengi huruka hatua hii, na aliyekusaidia hubaki anajiuliza kama ulikwenda.

Hatua ya nane: jilinde usichakae

Mtaji wa watu una uzito wake, na haubebwi sawa. Michango ya harusi, send-off, kipaimara, ubatizo, ada za watoto wa ndugu: makundi ya WhatsApp yanaweza kumaliza mshahara kabla ya tarehe kumi, na kazi ya jikoni na ya kuuguza huwaangukia wanawake. Wanaume wanaosoma hapa, hesabuni saa ambazo wake zenu hutumia kushikilia uhusiano wa nyumba nzima, halafu chukueni sehemu yenu.

Mimi hutenga kiasi maalumu cha michango kila mwezi, na ninakigawa kwa mpangilio: kwanza ugonjwa na msiba, pili elimu, mwisho sherehe. Kikiisha, nasema hivi: "Mwezi huu mfuko wangu wa michango umekwisha, lakini Jumamosi nitakuja kusaidia kupika." Hakuna aliyewahi kunichukia kwa jibu hilo. Ahadi ya elfu hamsini isiyotimizwa inaumiza zaidi ya elfu tano iliyotolewa papo hapo.

Angalia pia kikundi kinachokutaka uwatenge wengine, kinachonyamazisha anayeuliza hesabu, au kinachokudai kila siku na hakijawahi kukutembelea. Mshikamano wa watu wachache dhidi ya wengine nao ni mshikamano, na umefanya mabaya mengi duniani. Una haki ya kutoka.

Kila baada ya miezi sita rudi kwenye daftari. Soma majina upya, futa aibu, mpigie uliyempoteza bila kumwomba chochote. Kwenye ukurasa wangu wa karibuni swali la saa nane usiku lina majina manne, yote ya watu wanaofika kwa miguu. Jumamosi hii kikao ni kwangu. Viti sina vya kutosha watu 25, na jioni mama wa mwarobaini atanipitishia vyake kumi juu ya ukuta.